Tingi-Tingi: barabara iliyokuwa kiwanja cha ndege

Ukitoka Lubutu, katika jimbo la Maniema, ukifuata barabara ya taifa namba 3 kuelekea Walikale na Bukavu, kisha kilometa kama 7 unafika Tingi-Tingi. Hapo lami inakwenda moja kwa moja, pana kuliko sehemu zingine. Motari na baiskeli zinapita tu. Asiyejua hawezi kufikiri kama ndege zilikuwa zinatua pale pale.

Hakukuwa jengo la abiria wala uzio. Kiwanja kilikuwa ni barabara yenyewe.

Jina la Tingi-Tingi lilijulikana duniani juu ya vita ya 1996. Mwezi wa 10 mwaka ule, kambi za wakimbizi Wanyarwanda za Kivu zilianza kushambuliwa. Watu wengi walikimbilia magharibi, wakapita porini kwa miguu. Mwezi wa 12 walifika Tingi-Tingi, na kambi ikapita watu 100.000. Ilikuwa njaa, kipindupindu na malaria. Watoto wadogo ndio walikufa sana.

Ndege za misaada zilitua barabarani na chakula na dawa. Kila ndege ilipokuja, watu walipaswa kutoka kwanza kwenye lami. Lakini misaada haikuwa peke yake: ndani ya kambi kulikuwa pia askari wa zamani wa Rwanda na Interahamwe, na silaha nazo zilipitia pale. Raia wakawa katikati. Mwezi wa 2 mwaka 1997, Sadako Ogata, mkubwa wa HCR, alifika kujionea.

Mwisho wa mwezi ule, AFDL na jeshi la Rwanda walikaribia. Wakimbizi wakakimbia kuelekea Kisangani. Kwenye daraja la Lubutu msongamano ulikuwa mkubwa; wengine walikanyagwa, wengine walianguka mtoni. Tarehe 1 mwezi wa 3 kambi ilichukuliwa. Ripoti Mapping ya ONU, iliyotoka tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2010, inasema wagonjwa na wadhaifu waliobaki nyuma waliuawa. Siku 14 baadaye, Kisangani nayo ilianguka.

Kisha hapo kambi iliisha, na piste ikarudi kuwa barabara.

Kwa nini tuikumbuke leo? Kwanza, wenyeji wa Lubutu waliona yote: mashamba yao yalikaliwa, vita ikapita mlangoni pao. Historia hii ni yao pia. Pili, Ripoti Mapping ilipendekeza njia za kuhukumu makosa haya, lakini mpaka leo hakuna mahakama maalum iliyoundwa.

Kwa hiyo, mzazi akipita pale na mtoto wake, asimame kidogo amuelezee. Lami haisemi. Ni sisi tunapaswa kusema.