Fedha Zisizomfuata Mgonjwa: Ugharimiaji wa Huduma za Afya ya Akili katika Jimbo la California, 1957–2004

Historia ya huduma za umma za afya ya akili nchini Marekani husimuliwa zaidi kupitia dawa mpya, haki za wagonjwa na kufungwa kwa hospitali kubwa. Vitabu vya bajeti za majimbo hueleza mengi ambayo masimulizi hayo huyaacha. Tangu Rais Franklin Pierce alipoukataa muswada wa Dorothea Dix mwaka 1854, wagonjwa hao walihesabiwa kuwa mzigo wa majimbo, na kufikia 1955 hospitali za majimbo zilikuwa na wagonjwa takriban 559,000.

Huko California, Sheria ya Short-Doyle ya 1957 iliahidi kuzirudishia kaunti nusu ya gharama za huduma zitolewazo karibu na makazi ya wagonjwa. Sheria ya Lanterman-Petris-Short, iliyopitishwa 1967 na kuanza kutumika 1969, ilipandisha mchango huo hadi asilimia 90, huku ikiweka mipaka ya kumlaza mtu bila ridhaa yake. Baina ya sheria hizo mbili ilizuka Medicaid (1965), mpango wa serikali kuu wa kuwalipia matibabu watu wa kipato cha chini. Mpango huo ulikataa kuwagharimia watu wazima wa chini ya miaka 65 waliolazwa katika hospitali za akili, ilhali ulilipia nyumba za uuguzi. Afisa wa bajeti hakuhitaji kuwa na roho mbaya ili aione hesabu hiyo: mgonjwa wa miaka 50 akibaki hospitalini, jimbo hulipa peke yake, akihamishiwa nyumba ya uuguzi, Washington huchangia.

Hospitali za California zilikuwa na wagonjwa takriban 37,000 mwishoni mwa miaka ya 1950, na takriban 22,000 Ronald Reagan alipoapishwa kuwa gavana mwaka 1967. Lawama zinazomwangukia yeye peke yake, basi, hazilingani na kalenda. Hata hivyo, hospitali za Mendocino na DeWitt zilifungwa 1972 chini ya utawala wake, na ni bunge la jimbo lililozuia mpango wa kuzifunga nyingine. Kaunti zilipokea wagonjwa haraka kuliko zilivyopokea fedha. Mwaka 1978 wapiga kura waliwekea kikomo kodi ya majengo na ardhi, chanzo kikuu cha mapato ya kaunti hizo hizo.

Hatua ya 1991 haizungumzwi sana, ingawa ndiyo yenye uzito zaidi. Jimbo, likikabiliwa na upungufu wa takriban dola bilioni 14, lilizikabidhi kaunti jukumu la huduma hizi pamoja na sehemu ya kodi ya mauzo na ada za leseni za magari. Kaunti zilipata uhuru wa kupanga, hata wa kuamua zinunue vitanda vingapi katika hospitali za jimbo. Lakini ongezeko la mapato lilielekezwa kwanza kwenye huduma za ustawi wa jamii ambazo idadi ya wanaostahili huzilazimisha kupanuka. Afya ya akili ilisubiri masalio.

Mwaka 2004 wapiga kura waliidhinisha kodi ya asilimia 1 kwa mapato ya mtu yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Sheria hiyo ilikataza fedha mpya kuchukua nafasi ya zile za zamani. Mapato ya matajiri, hata hivyo, hupanda na kushuka pamoja na soko la hisa. Mdororo wa 2008 ulipofika, makusanyo yalipungua wakati ule ule ambapo waliopoteza kazi na bima walikuwa wakibisha hodi katika kliniki za kaunti.