Nani Alimshika Mtoto Nansio

Utotoni mwangu hapa Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, mtoto mchanga hakuachiwa mtu mmoja. Mama akienda shamba la mihogo, kichanga kilifungwa mgongoni mwa mlezi, binti wa miaka minane au tisa, naye mlezi alikuwa chini ya macho ya bibi. Kikizidi kulia, bibi alikipokea. Bibi akichoka, shangazi yupo. Sisemi yote yalikuwa mazuri: walezi wengi shule waliisikia tu. Ila ukisoma riwaya ya Myombekere na Bugonoka, aliyomaliza kuiandika kwa Kikerewe mzee wetu Aniceti Kitereza mwaka 1945, unaona jinsi mtoto alivyotafutwa kwa dhiki. Aliyepatikana hivyo angeachwaje alie peke yake?

Kisha sangara akajaa ziwani miaka ya 1980, na watu wakamiminika visiwani. Mama kijana wa mwaloni, kambi ya wavuvi ufukweni, hana bibi wala shangazi. Ana chumba kimoja cha kupanga. Mumewe amekesha na karabai akivua dagaa, mchana anataka usingizi. Mtoto analia tangu asubuhi. Mtu mzima anamkamata mabegani na kumtikisa: “Nyamaza!”

Mwaka 1971 Norman Guthkelch, daktari Mwingereza wa upasuaji wa ubongo, aliandika kwamba kutikiswa huweza kuvujisha damu ndani ya fuvu la kichanga bila jeraha la nje. Kichwa ni kizito, shingo bado laini. Ubongo unayumba, mishipa inakatika. Mtoto hulegea, hutapika, hushikwa na degedege. Kwetu degedege likitokea, watu husema malaria, au karogwa. Nani atauliza alishikwaje?

Katika miaka yangu ya ukunga niliwaambia wazazi: kilio hupanda hadi mwezi wa pili, kisha hupungua, hata kwa mtoto mzima wa afya. Umeshamnyonyesha, umembadilisha nepi, hana homa, bado analia na hasira imekupanda? Mlaze chali mahali salama, toka nje upumue, mwite jirani.

Shida ni kwamba kliniki walikuja akina mama tu. Kwa hiyo niliwafuata wanaume siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzika, wakishona nyavu mwaloni.

“Bibi, nikimpelekea jirani mtoto, si atanicheka?” mmoja aliniuliza.

“Atakucheka. Mpelekee.”