Mama Kevin, Mlezi wa Wauguzi

Katika sherehe ya jubilei ni desturi kuwataja kwanza maaskofu na mapadre waliotuletea imani. Ni haki kufanya hivyo. Lakini si haki kuwasahau wale waliokesha kando ya vitanda vya wagonjwa. Nchi yetu ya Kisumu zamani ilikuwa sehemu ya Vikariati ya Upper Nile, waliyokabidhiwa mapadre wa Mill Hill mwaka wa 1894, hata ilipotengwa mwaka wa 1925 kwa jina la Prefektura ya Kavirondo. Kwa hiyo habari za Mama Kevin wa Nsambya, ng'ambo ya ziwa, ni habari za nyumba yetu wenyewe.

Mama huyu alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875, karibu na mji wa Arklow katika nchi ya Ayalandi, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake naye alifariki mtoto akiwa na miaka kumi tu, akabaki mikononi mwa nyanya yake. Basi tuone jinsi Mungu anavyopanga mambo: yatima yule ndiye aliyekuja kuitwa Mama na maelfu ya watu wasio wa kabila lake wala wa lugha yake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha watoto. Mwaka wa 1895 aliingia kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Kevin. Ndipo Baba Askofu Hanlon alipoomba masista kwa ajili ya Uganda. Walichaguliwa sita, naye mmojawapo, wakaondoka Desemba 1902. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya. Hawakukuta hospitali wala shule ya wasichana. Husimuliwa kwamba wagonjwa wa kwanza waliwatibu chini ya mwembe. Nao wagonjwa walikuwa wengi, maana siku zile malale yalikuwa yakiwamaliza watu kando ya ziwa. Pale ndipo mwalimu alipogeuka kuwa muuguzi.

Mwaka wa 1910 alifanywa mkubwa wa masista wenzake. Vita vya 1914 vilipozuka, hospitali ya Nsambya ilipokea wapagazi, watu weusi waliobebeshwa mizigo ya majeshi katika vita visivyo vyao. Wazee wetu wa upande huu walijua vizuri maana ya safari hiyo, kwa sababu wengi walikwenda nayo na hawakurudi. Kwa kazi aliyoifanya kwa wapagazi hao, serikali ya Uingereza ilimpa nishani mwaka wa 1918.

Lakini jambo tunalotaka kulikumbusha hasa ni hili. Kwa sheria za Kanisa za siku zile, masista wenye nadhiri walizuiwa kuwazalisha wanawake. Sista aliweza kufunga kidonda cha mama, aliweza kumnywesha dawa ya homa. Bali saa ya uchungu ikifika, ilimpasa kujitenga. Na saa ile ndiyo iliyowaua wanawake wengi na watoto wao. Mtu mwingine angaliweza kusema, sheria ni sheria, akaketi na kusali tu. Mwingine angaliivunja kwa siri. Mama Kevin hakufanya hivi wala hivi. Alitafuta mikono mingine.

Alimpata daktari mwanamke asiye sista, jina lake Evelyn Connolly, na mwaka wa 1921 wakaanzisha pale Nsambya shule ya kufundisha wauguzi na wakunga. Wanafunzi walikuwa wasichana wa nchi. Wako waliodhani kwamba msichana Mwafrika hawezi kazi kama ile. Wasichana wenyewe waliwajibu kwa kazi yao. Mwaka wa 1923 tena, wasichana wanane walikuwa mwanzo wa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, shirika la Waafrika ambalo makao yake ni Nkokonjeru, na ambalo binti zake tumewaona hata katika nchi yetu ya Kenya. Kisha mwaka wa 1936, baada ya watu wa nchi nyingi kulililia jambo hilo, Roma ilitoa ruhusa masista wafanye kazi ya uganga na ukunga. Ruhusa ilipofika, Nsambya ilikwisha kuwa na wakunga waliofundishwa miaka kumi na mitano.

Hakuishia hapo. Wenye ukoma, ambao hata jamaa zao waliwaogopa, aliwafungulia makao Nyenga mwaka wa 1932 na Buluba mwaka wa 1934. Watu wa Uganda wakalichukua jina lake wakalifanya neno la lugha yao, hata nyumba ya kutunzia wagonjwa au maskini ikaitwa kevina.

Mwaka wa 1955, mwenye miaka themanini, aliweka chini mzigo wa uongozi. Lakini kustaafu kwake hakukuwa kukaa kitako: alikwenda Boston, Marekani, kuwaombea misaada watoto wake wa Afrika. Huko alifariki tarehe 17 Oktoba 1957. Alizikwa kwao Ayalandi, lakini Wakristu wa Uganda hawakukubali mama yao alale mbali. Mwili wake uliletwa, ukazikwa Nkokonjeru mwaka ule ule. Tangu mwaka wa 2016 Kanisa linachunguza rasmi maisha yake, naye huitwa Mtumishi wa Mungu.

Wahenga walinena, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mama Kevin hakuzaa, bali alilea wale waliowapokea watoto wa wengine duniani. Majina ya wakunga wale wa kwanza hayakuandikwa katika vitabu vingi, lakini watu waliopita mikononi mwao ni wengi kuliko vitabu. Basi ninyi wazazi, binti akiwaambia moyo wake unataka kuuguza wagonjwa, msimzuie kwa ajili ya mahari wala kwa hofu ya kazi ya usiku. Nasi sote, tukiona njia moja imefungwa mbele ya mgonjwa, tusikae tukilaumu mlango. Tutafute mikono mingine, tuifundishe, tuipeleke. Mungu ampe Mama yetu raha ya milele, pamoja na wauguzi wetu wote waliotangulia. Amina.