Nyuzi Pasipo Maneno: The Ventures na Sahani Yao ya Mwaka 1967

Wahenga walisema kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hiyo hutumiwa kupima tabia za watu, walakini yafaa pia kupima muziki, maana nyimbo nyingi huishi kwa maneno yake. Ukiyaondoa maneno, baadhi ya nyimbo husimama wima kwa nguvu za sauti yake peke yake, na nyingine huanguka kama hema lililong'olewa nguzo. Mwaka 1967 watu wanne wa Marekani, waliojulikana kwa jina la The Ventures, walitoa sahani ya santuri iitwayo Super Psychedelics. Ilikuwa na nyimbo 12, na nyimbo hizo hazikuwa na mwimbaji. Wanahistoria wengi wa muziki huipita sahani hiyo kimya, au huitaja kwa dharau, kwa hoja kwamba ilifuata mtindo uliobuniwa na wengine. Hukumu hiyo ina haki ndani yake, lakini haikutimia.

Asili ya bendi hii ni kazi ya mikono. Don Wilson na Bob Bogle walikuwa wajenzi katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Walianza kupiga magitaa pamoja mwaka 1958 mjini Tacoma, wakajifundisha wenyewe baada ya kazi za mchana. Makampuni ya sahani yalipowakataa, mama yake Wilson, Bibi Josie Wilson, alianzisha kampuni ndogo iitwayo Blue Horizon ili sauti ya vijana hao isipotee. Sahani iliyowapatia sifa ni Walk, Don't Run, ya mwaka 1960, iliyopanda hata nafasi ya pili katika orodha ya Marekani. Wimbo huo haukuwa wao. Ulitungwa na Johnny Smith, mpiga gitaa wa jazi, nao waliujua kwa sahani ya Chet Atkins. Ustadi wa vidole vya Atkins uliwashinda. Kwa hiyo waliurahisisha wimbo, wakaugawa baina ya magitaa mawili, wakautia mdundo mzito wa ngoma. Basi tangu siku ya kwanza kipaji cha bendi hii kilikuwa kuchukua kitu cha mwingine na kukijenga upya kwa vipimo vya uwezo wao.

Kufikia mwaka 1967 hali ya dunia ya muziki ilikuwa imebadilika. Vijana wengi wa Marekani na Uingereza walikuwa wakitafuta mambo ya ndoto: wengine kwa falsafa za Mashariki, wengine kwa dawa za kulevya, na wengi kwa muziki uliojaribu kuiga hali hizo. Muziki huo uliitwa saikedelia. Sauti zake zilikwaruzwa, zilirefushwa, na pengine zilipigwa kinyumenyume. Mwezi Juni wa mwaka huo Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle, mji ulio jirani na Tacoma, alilichoma moto gitaa lake jukwaani katika tamasha la Monterey, California. Mwezi huo huo Beatles walikuwa wamekwisha kutoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, albamu iliyofanya watu wazungumzie sahani za muziki wa vijana kama wazungumzavyo vitabu. Palikuwa pia na kauli iliyoenea miongoni mwa vijana wa Marekani kwamba mtu aliyepita umri wa miaka 30 asiaminiwe. Ventures wote wanne walikuwa wamekwisha kuupita umri huo.

Watu hao wazima, waliovaa nadhifu na kufika kazini kwa saa, walikuwa na nini cha kusema katika karamu ya ndoto? Mshaki atajibu kuwa hawakuwa na lolote ila haja ya kuuza sahani. Jibu hilo halina budi kusikilizwa. Bendi ilikuwa na desturi ya kutoa albamu kadhaa kila mwaka, na kila mtindo mpya ulipoingia sokoni uliingia pia katika albamu zao. Neno la saikedelia lilipigwa chapa katika jina la sahani kama muuza duka atundikavyo kitambaa kipya mlangoni. Hata hivyo, mwenye kutoa hukumu hiyo hana budi kukumbuka jambo la mwaka 1962. Mwaka huo Ventures walitoa wimbo uitwao The 2000 Pound Bee, jina linalomtaja nyuki mwenye uzito wa ratili 2000. Gitaa katika wimbo huo lilipitishwa katika chombo cha umeme kilichotengenezwa na fundi na mpiga gitaa Red Rhodes. Chombo hicho huikwaruza sauti hata ikavuma kama mzinga uliochokozwa. Wimbo huo ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za sauti ya namna hiyo, na ulitangulia mtindo wa saikedelia kwa miaka kadhaa. Basi walioitwa wafuasi mwaka 1967 walikuwa wakiikuta njiani sauti waliyosaidia kuizindua.

Yaliyomo katika Super Psychedelics ni ya namna mbili. Kuna vipande vya bendi yenyewe, kama vile Guitar Psychedelics na Psychedelic Venture. Na kuna nyimbo zilizovuma wakati huo, zilizovuliwa maneno yake. Katika kundi hili la pili ndimo methali ya wahenga hupata kazi. Wimbo wenye jina la albamu ya Beatles hupungukiwa sana, kwa sababu asili yake ni mzaha wa kukaribisha hadhira kwa niaba ya bendi ya kubuni. Mkaribishaji akinyamaza, mzaha hufa. Wimbo wa Western Union, wa kundi la Five Americans, una bahati njema zaidi. Habari yake ni barua ya simu yenye kuvunja mapenzi, na waimbaji wake wa kwanza waliuiga kwa midomo mlio wa mtambo wa simu. Mlio wa namna hiyo huhamia katika nyuzi bila taabu, maana hata kwa asili yake haukuwa neno. Happy Together, wa kundi la Turtles, husimama kwa sababu mwendo wa sauti zake una huzuni na furaha hata kabla mtu hajaambiwa nani anampenda nani. Msikilizaji aliyeujua wimbo hujaza maneno moyoni mwake. Asiyeujua hupata wimbo mpya. Kwa njia hii sahani iliyodharauliwa huwa mizani: huonyesha ni zipi katika nyimbo za mwaka ule zilizokuwa na mwili, na zipi zilizokuwa na vazi tu.

Faida ya pili ya Ventures ilikuwa ya mafunzo. Gitaa lao lilisikika waziwazi, kila sauti mahali pake, na mwanafunzi aliweza kuifuata kwa vidole vyake. Mwaka 1965 walitoa Play Guitar with the Ventures, sahani ya kufundisha, ambayo iliingia katika orodha ya albamu za Billboard pamoja na sahani za burudani. Gitaa lililochomwa Monterey lilishangaza maelfu. Gitaa la Ventures lilifundisha maelfu. Historia hupenda moto kwa sababu huonekana kwa mbali.

Mahali palipowatunza kuliko kwao ni Japani. Ziara zao za mwaka 1965 zilichochea shauku kubwa ya magitaa ya umeme miongoni mwa vijana wa nchi hiyo. Mwaka 1966 mojawapo ya tuni zao zisizo na maneno ilitiwa mashairi ya Kijapani, ikawa Futari no Ginza, wimbo wa mwanamume na mwanamke uliopendwa sana. Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walitunzwa ugenini. Kwao, ukumbi wa heshima wa muziki wa rock uliwapokea mwaka 2008, miaka 48 baada ya Walk, Don't Run. Bogle alifariki mwaka uliofuata, na Wilson, wa mwisho katika wale wanne wa mwaka 1967, alifariki mwaka 2022.

Super Psychedelics si sahani bora ya zama zake, wala hapana haja ya kuipamba kwa sifa isiyo yake. Ni ushahidi wa mafundi waliopewa mtindo wa siku na kuufanyia kazi kwa uaminifu, bila kujidai kuwa wameota ndoto wasizoziota. Mwanahistoria anayeandika habari za wabunifu tu ataeleza jinsi sauti mpya ilivyozaliwa. Jinsi ilivyofika katika vidole vya kijana wa mji mdogo, mwenye gitaa la bei rahisi na asiye na mwalimu, itambidi akaulize kwa watu kama hawa.