Kinga ya UVIKO-19 katika vituo vya kulelea watoto

Kinga ya UVIKO-19 katika vituo vya kulelea watoto ni jumla ya hatua za afya na usalama zilizochukuliwa katika vituo vya kulelea watoto mchana, chekechea na madarasa ya awali ili kupunguza maambukizi ya virusi vya korona baina ya watoto, walezi na familia zao. Hatua hizo zilienea katika nchi nyingi baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kutangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba ugonjwa huo umekuwa janga la dunia.

Ugumu wa kazi hiyo ulitokana na umri wa watoto wenyewe. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuambiwa akae mbali na mwenzake akatii. Hutia vitu mdomoni, na akilia hana budi kubebwa. Kwa sababu hiyo kinga haikuweza kutegemea utii wa mtoto. Ilitegemea mpangilio wa vikundi, hewa, maji na mwenendo wa watu wazima.

Kufungwa na kufunguliwa kwa vituo

Mwezi Machi 2020 serikali nyingi zilifunga shule na vituo vya watoto. Nchini Kenya Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule tarehe 15 Machi. Nchini Tanzania Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitoa tangazo kama hilo tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Shule za awali za Tanzania zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020, lakini madarasa ya chekechea ya Kenya yalisubiri hadi tarehe 4 Januari 2021.

Kufunga kulikuwa na gharama yake. Wauguzi, madereva, wauzaji wa vyakula na wengine ambao kazi zao hazikuweza kusimama walihitaji mtu wa kuwatunzia watoto. Nchini Uingereza vituo vilibaki wazi kwa watoto wa wafanyakazi wa namna hiyo na kwa watoto waliokuwa katika mazingira magumu. Uswidi haikufunga chekechea zake. Denmark ilifungua vituo vya watoto wadogo pamoja na madarasa ya chini ya shule tarehe 15 Aprili 2020, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza za Ulaya kufanya hivyo. Baadhi ya wazazi wa Denmark walipinga, wakisema watoto wao wanafanywa kuwa wa majaribio.

Hatua zilizotumika

Vikundi vidogo vya kudumu. Watoto wachache waliwekwa pamoja na walezi walewale kila siku, bila kuchanganyika na kikundi kingine wakati wa kula, kucheza wala kulala. Mtu mmoja akiugua, kikundi chake hubaki nyumbani na vingine huendelea. Njia hii ilifaa zaidi kuliko kuwatenganisha watoto mmoja mmoja.

Hewa na nafasi. Nchini Denmark watoto walitumia sehemu kubwa ya siku nje ya majengo. Mahali ambapo hilo halikuwezekana, madirisha na milango iliachwa wazi. Mikeka na vitanda vya kulalia mchana vilitengwa, na watoto walilazwa kwa kupishanisha vichwa na miguu ili wasipumuliane usoni.

Kunawa mikono. Watoto na walezi walinawa kwa maji na sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20 wanapofika, kabla ya kula, baada ya kutoka chooni na baada ya kubadilisha nepi. Mahali pasipo na maji ya bomba hutumika ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, ambacho humwaga maji kwa kukanyaga kijiti, bila kushikwa kwa mkono. Vitakasa mikono vyenye kileo hutumiwa chini ya uangalizi wa mtu mzima, kwa kuwa mtoto akivinywa anaweza kupata sumu.

Mapokezi. Wazazi waliwaacha watoto mlangoni au getini, mara nyingi kwa zamu, ili kuepuka msongamano. Mlezi aliuliza kuhusu homa, kikohozi na hali ya watu wa nyumbani, na vituo vingi vilipima joto la mwili. Kipimajoto peke yake hakitoshi, kwani mtu anaweza kuambukiza wengine bila kuwa na homa.

Mavazi ya mlezi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kiliwashauri walezi wanaobeba watoto wachanga kuvaa shati pana juu ya nguo zao, kufunga nywele ndefu, na kubadilisha nguo zinapopata mate au kamasi. Ushauri huo ulikubali kwamba mtoto mchanga lazima abebwe.

Usafi wa vitu. Midoli inayotiwa mdomoni ilitengwa mpaka ioshwe, na ile ya kitambaa isiyofulika kwa urahisi iliondolewa. Dawa zenye klorini huhifadhiwa mbali na watoto, hazichanganywi na dawa nyingine za usafi, na hutumiwa mahali penye hewa ya kutosha.

Suala la barakoa

Wataalamu hawakukubaliana juu ya umri wa kuanza kuvaa barakoa. Mwezi Agosti 2020 WHO na UNICEF walishauri kwamba watoto wa miaka mitano au chini yake wasilazimishwe kuvaa. CDC ilipendekeza barakoa kuanzia miaka miwili. Ilishauriwa kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe, kwa hatari ya kukosa pumzi. Hivyo katika vituo vingi barakoa ilikuwa kinga ya mlezi zaidi kuliko ya mtoto.

Matokeo na mafunzo

Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa katika jarida la Pediatrics mwaka 2021 uliwahoji walezi 57,335 wa Marekani. Haukuona kwamba walioendelea kuhudumia watoto waliugua zaidi kuliko wale ambao vituo vyao vilifungwa. Watafiti walitahadharisha kwamba matokeo hayo yalitoka katika miezi ya mwanzo ya janga, katika vituo vilivyochukua hatua nyingi za kinga. Tena, utafiti ulihusu afya ya walezi. Haukupima maambukizi kutoka kwa mtoto kwenda nyumbani.

Baadhi ya hatua zilipunguzwa kadiri elimu ilivyoongezeka. Mwanzoni nguvu nyingi zilitumika kupuliza dawa juu ya meza na sakafu. Mwezi Aprili 2021 CDC ilieleza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa vitu ni ndogo, na kwamba kusafisha kwa sabuni kunatosha mara nyingi ikiwa hakuna mgonjwa aliyekuwapo. Uzito ukahamia kwenye hewa safi na chanjo za watu wazima. Nchini Marekani chanjo kwa watoto wa kuanzia miezi sita iliidhinishwa Juni 2022.

WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Kunawa mikono, kufungua madirisha na kumbakiza nyumbani mtoto mgonjwa hupunguza pia kuhara, mafua na magonjwa mengine ya kuambukiza yanayoenea katika vituo vya watoto. Hatua hiyo ya mwisho ni ngumu kwa mzazi anayelipwa kwa siku, maana kumbakiza mtoto nyumbani ni kukosa ujira wa siku hiyo.