Waliotega sikio kwenye waya

Oktoba 1986, data zilianza kutambaa kati ya maabara ya Lawrence Berkeley, iliyoko mlimani, na Chuo Kikuu cha California kilichoko bondeni kwake. Masafa yenyewe ni yadi 400, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Njia iliyokuwa ikipitisha biti 32,000 kwa sekunde ikaporomoka hadi biti 40. Hizo ni herufi tano tu kwa sekunde. Mpiga chapa hodari angelingana nayo.

Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alitaka kujua nini hasa kinapita kwenye waya. Kompyuta inayotuma inajua ilichotuma, inayopokea inajua kilichofika, lakini ugomvi uko katikati na huko hakuna shahidi. Mashine za kampuni ya Sun zilikuwa na programu iitwayo etherfind, iliyoweza kunasa pakiti zinazopita na kuzionyesha. (Pakiti ninayoisema hapa si kifurushi cha bando. Ni kipande kidogo cha data chenye anwani ya kinakotoka na kinakokwenda.) Jacobson akaifanya hiyo msingi, akajenga chombo cha kuchunguzia itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapotumiana data. Kufikia 1988 kilikuwa na jina: tcpdump.

Kulikuwa na kikwazo. Vipande vya msimbo wake vilitoka kwa Sun, na mali ya mtu huwezi kuigawa. Steven McCanne, mwenzake wa pale maabara, akaviandika upya akifuata maelezo ya kitabu cha matumizi peke yake, bila kupata msimbo wa etherfind wala wa tcpdump yenyewe. Ni kama kumpa mpishi orodha ya vyakula ya hoteli na kumtaka apike pilau ile ile bila kukanyaga jikoni. Katika historia yote hii, kisa hicho ndicho ninachokipenda zaidi: bila usafi ule wa kutogusa msimbo wa mtu, chombo kisingetoka mlimani.

Kutega sikio kwenyewe hakukuwa kugumu. Katika Ethernet ya wakati ule kompyuta nyingi zilichangia waya mmoja, na kila moja ilisikia yote. Kadi ya mtandao ilikuwa na adabu ya kupuuza yasiyoihusu. Anayenasa pakiti huiambia kadi iache adabu hiyo. Neno letu mdukuzi, kabla halijapewa kazi ya kuvunja kompyuta za watu, lilikuwa la mtu wa aina hiyo hiyo, anayesikiliza maongezi ya wenzake kwa siri.

Ukitaka kuona kinachosikika, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika tcpdump -n port 80, kisha mwache mtu afungue ukurasa usiofichwa kwa usimbaji. Mstari wa kwanza una alama S: hodi. Wa pili unarudi na S na nukta: karibu. Wa tatu una nukta tupu: haya, naingia. Kama seva imezima, utaiona S peke yake, kisha, kwenye mifumo mingi, nyingine baada ya sekunde moja hivi, nyingine baada ya mbili, nyingine baada ya nne. Hodi zinazidi kuachana. Subira hiyo ilifundishwa. Mashine za 1986 zilikuwa na pupa, zikirudia kutuma kilichokuwa bado kwenye foleni, na foleni ikazidi kufurika. Jacobson na Michael Karels walichapisha dawa yake mwaka 1988.

Tatizo lililofuata lilikuwa gharama. Pakiti zinaingia kwenye kiini cha mfumo endeshi, na programu inakaa nje. Kunakili kila pakiti hadi nje ili nyingi zitupwe ni sawa na mvuvi anayebeba juya lote hadi sokoni, na mwani wake na kokoto zake, ndipo aanze kuchambua dagaa. McCanne na Jacobson wakahamishia uchambuzi kwenye mashua. Masharti uliyoandika hugeuzwa kuwa programu ndogo inayokwenda kufanya kazi ndani ya kiini, na kisichotakiwa kinaachwa huko huko. Chujio hilo, BPF, walilieleza kwenye mkutano wa USENIX huko San Diego, Januari 1993. Kwenye mashine ile ile lilifikia kasi mara 100 ya njia ya Sun ya kunasa pakiti.

Wakati huo kila mwenye mfumo alikuwa na sikio lake. Solaris ilikuwa na snoop, AIX ya IBM iptrace, HP-UX nettl, na faili zao hazikusomeka kwa jirani. Kilichowaunganisha ni libpcap, maktaba iliyochomolewa ndani ya tcpdump, ambayo kwa chini huongea na kila kiini kwa lugha yake na kwa juu huongea lugha moja. Faili lake huanza na namba a1b2c3d4. Msomaji akikuta d4c3b2a1, anajua aliyeandika hupanga baiti kinyume chake, basi anageuza na kuendelea. Hila ya baiti nne, na hadi leo inatosha.

Mwaka 1999 Michael Richardson na Bill Fenner walianza kukusanya matoleo ya tcpdump na libpcap yaliyokuwa yametawanyika, kila mfumo na lake. Huko Torino, Italia, wahandisi wa chuo cha Politecnico waliipeleka maktaba kwenye Windows kwa jina la WinPcap. Microsoft yenyewe haikuweka chombo chake cha pktmon ndani ya Windows 10 hadi 2018. Wenye Mac hawakuwa na shida. Mfumo wao una damu ya BSD, mfumo endeshi wa Berkeley ambao ndio nyumbani kwa BPF.

Chujio nalo halikubaki kwenye pakiti. Mwaka 2014 Linux ililipanua likawa eBPF, linaloweza kuendesha programu ndogo za kila namna ndani ya kiini. Tangu Android 9, simu hulitumia kuhesabu data zinazoliwa na kila programu. Kwa hiyo ukifungua mipangilio ya simu kutafuta nani kamaliza bando, hesabu unayoisoma imepitia kwa kizazi cha chujio lile la Berkeley.