Shilingi ya Shabiki: Nani Aliyegharimia Uhuru wa Katuni Afrika Mashariki?

Mwaka 1976 Harvey Pekar, karani wa mafaili katika hospitali ya maveterani mjini Cleveland, Marekani, alianza kuchapisha kwa fedha zake mwenyewe jarida la katuni liitwalo American Splendor. Pekar hakujua kuchora. Aliandika visa vya kazini na mitaani kwake, akaweka vijimtu vya mistari kuonyesha nani asimame wapi, kisha akawakabidhi wachoraji, Robert Crumb akiwa mmojawao. Mwaka 1984 Kevin Eastman na Peter Laird walikopa fedha kwa ndugu, wakatoa nakala 3,000 za Teenage Mutant Ninja Turtles, kurasa za ndani zikiwa nyeusi na nyeupe tupu. Visa hivi viwili havikosi kutajwa kila inapoelezwa maana ya katuni huru: mchoraji ajichapishie, amiliki wahusika wake, asiwe mwajiriwa wa makampuni makubwa ya katuni, Marvel na DC.

Mtafiti anayetua Dar es Salaam au Nairobi na kipimo hicho ataondoka mikono mitupu. Huku hapakuwa na Marvel wa kumkimbia. Makala haya yanadai kwamba katuni huru ilikuwepo, ila iliwakwepa mabwana wengine kabisa: chama na serikali, mtaala wa shule, na mfadhili. Aliyeiwezesha kuwakwepa alikuwa shabiki aliyetoa shilingi yake mezani kwa muuza magazeti. Historia ya fani hii ikiandikwa bila yeye, itakuwa imemruka mlipaji.

Katuni za Kiswahili zilianza na bwana. Jigal Beez, mtafiti wa Kijerumani aliyezifuatilia kuliko wengi, amezipeleka nyuma hadi enzi za ukoloni, kwenye visa vya sungura mjinga na matangazo ya majarini. Nchini Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau alizaliwa katika miaka ya 50 na akaishi miongo mingi gazetini Taifa Leo. Nchini Tanzania, baada ya uhuru, aliyetamba ni Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru. Gregory alikuwa bingwa, na haitakuwa haki kumwita kasuku wa chama. Lakini karatasi, mtambo na mshahara vyote vilikuwa vya TANU, chama tawala. Msomaji aliyenunua Uhuru alinunua hotuba na habari za mikutano, Chakubanga akiwa nyongeza.

Jarida la Sani lilibadili hesabu hiyo. Lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 70 na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, waliounganisha silabi za majina yao kupata jina la jarida. Wakati wenyewe haukuwa wa kuanzisha biashara ya karatasi. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilikuwa imeipa serikali uwezo wa kulifungia gazeti lolote. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikomba hazina. Sukari na sabuni zilipangiwa foleni. Magazeti makubwa yalikuwa ya chama au ya serikali. Katikati ya ukame huo watu wawili binafsi walitoa jarida la vichekesho, hadithi za mfululizo na katuni, na watu wakalinunua.

Walilinunua kwa ajili ya wahusika. Kulikuwa na Madenge, mtoto mtundu aliyewatoa jasho wazazi na walimu. Kulikuwa na Lodi Lofa, mtu wa matambara na njaa, aliyejua kila mbinu ya kula bila kulipa. Pimbi alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa tamaa kwa wanawake waliomzidi urefu. Ndumilakuwili hakuhitaji kutambulishwa zaidi ya jina lake. Mkono uliowapa sura zinazokumbukwa ulikuwa wa Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki akiwa bado kijana katika miaka ya 80. Mtu akiitazama michoro yake leo anaona kwanza miguu: watu wa Ndunguru hawasimami wima, wanaegemea, wanachuchumaa, wanatoka nduki, na fremu nzima inatikisika nao. Kuta za nyuma zina nyufa. Maneno kwenye viputo ni ya Kariakoo na Manzese, hayakupitia kwa mhariri wa Kiswahili sanifu. Mwanamji aliyekuwa akihutubiwa kila siku kuhusu ujamaa na kujitegemea alijiona humo, na hali ya mfuko wake haikufichwa.

Kifo cha Ndunguru kinavuruga kidogo tafsiri ya Kimarekani. Wahusika hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwachukua, na Madenge akaendelea na utundu wake. Kwa kanuni ya Pekar, hilo ni jambo la makampuni, si la wachapishaji huru. Lakini umiliki wa mhusika haukuwa suala lililomsumbua msomaji wa Sani. Alimdai mhariri kitu kimoja tu: Madenge awemo. Mashabiki ndio waliowaweka wahusika hai, na pale mchoraji mpya aliposhindwa kumpatia Pimbi, waliosoma ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika.

Shabiki huyo hasomi peke yake, na hapa ndipo uchumi wa fani unapokuwa mgumu. Nakala moja huanzia kwa aliyeinunua, ikapita kwa jirani, ikaingia kwa kinyozi, ikazunguka bweni zima, na mwisho ikafungiwa karanga. Wanaosimama mbele ya meza ya magazeti wakisoma ukurasa wa mbele bure ni wengi kuliko wanaotoa fedha. Kwa hiyo idadi ya nakala zilizouzwa haitupi idadi ya wasomaji, na mchapishaji anaweza kuwa maarufu nchi nzima huku akidaiwa na mtambo. Wanaozisoma katuni hizi kwa kuhesabu mauzo peke yake hukosea upande mmoja. Wanaohesabu umaarufu peke yake hukosea upande wa pili.

Kwamba shilingi hiyo peke yake yaweza kumtosha mchoraji, Kinshasa inatoa ushahidi mkali zaidi. Mwaka 1990 Jaspe-Saphir Nkou-Ntoula, aliyejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza, alianza kutoa vijarida vyembamba vya katuni kwa Kilingala, akiandika, akichora na kuchapisha mwenyewe. Kisa kilichomtoa ni cha tajiri anayemnasa msichana, akageuka chatu nyumbani, akammeza, kisha akatapika fedha. Jiji lilitaharuki. Wapo waliokichukua kuwa habari ya kweli, na wapo waliomtambua humo mkubwa fulani wa utawala wa Mobutu. Wachoraji wenzake wa Kongo walioandika kwa Kifaransa, akiwemo Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, walipata wachapishaji Ulaya. Papa Mfumu'eto hakuwa na mchapishaji Ulaya wala ruzuku. Alikuwa na wachuuzi wa sokoni na wanunuzi wenye vijisenti. Akaendelea hivyo kwa miaka.

Mabwana wale wawili waliobaki walikuja kwa sura njema zaidi. Mtaala kwanza. Terry Hirst, aliyeanzisha jarida la Joe mjini Nairobi mwaka 1973 pamoja na Hilary Ng'weno, alitoa katika miaka ya 80 mfululizo wa Pichadithi, ngano za Kiafrika zilizochorwa kama vitabu vya katuni. Mwaka 1996 Lila Luce alianzisha Sasa Sema mjini humo humo, kampuni ndogo iliyotaka Mkenya asome katuni za Kiswahili kwa starehe. Abunuwasi wa Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyekuwa amekwisha kupata jina katika Daily Nation, alikuwa miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo. Kazi ilikuwa nzuri: karatasi safi, lugha laini, ucheshi usiomtukana mtu. Tatizo lilikuwa dukani. Mzazi anayeingia duka la vitabu Januari ana orodha ya shule mkononi, na kisichokuwemo kwenye orodha hakinunuliwi. Sasa Sema iliishia kuwa chapa ndani ya Longhorn, kampuni ya vitabu vya kiada. Vitabu vilinusurika, lakini starehe ikawa ziada ya darasani.

Mfadhili alifika na Shujaaz. Jarida hili lilianza Kenya mwaka 2010, likachorwa kwa ustadi na kuandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri. Lilitolewa bure, likiwekwa ndani ya gazeti na kugawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa, likafikia laki kadhaa za nakala kwa mwezi. Mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Vijana walilipenda kweli. Walituma ujumbe kwa wingi na DJ Boyie akawajibu. Asemaye kwamba Shujaaz halikuwa na mashabiki hajaliona. Hata hivyo ufugaji wa kuku, uzazi wa mpango na amani wakati wa uchaguzi vilikuwemo kwa sababu mtu alivilipia. Kisa cha Lodi Lofa anayekula bure na kushinda, bila funzo lolote la kilimo, hakiwezi kupita kwenye ripoti ya mradi. Hiyo ndiyo tofauti, nayo si ndogo.

Je, shilingi ya shabiki ni bwana mwema? Hapana, si siku zote. Majarida yaliyomtegemea yalijaa wanawake waliochorwa makalio kwanza na akili baadaye, na vichekesho vya mke kupigwa vilivyochapishwa bila aibu. Vyombo vya habari vya Tanzania vilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 90, meza za magazeti zilifurika: majarida mapya ya katuni yalizaliwa, James Gayo akamjengea Kingo wake jarida zima, na Masoud Kipanya akaibuka na panya wake gazetini. Lakini magazeti ya udaku nayo yalikuja, na sehemu kubwa ya shilingi ikahamia huko. Majarida mengi ya katuni yalikufa. Leo mchoro mzuri huzunguka kwenye simu elfu moja kwa saa moja, jina la mchoraji likiwa limekatwa, naye asipate hata nauli. Uhuru unaotegemea mnunuzi hufa mnunuzi anapoacha kulipa, hata kama hajaacha kucheka.

Hoja inayobaki ni ya ushahidi. Sehemu ya kazi za Papa Mfumu'eto imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na mwaka 2015 zilionyeshwa Paris kwenye maonyesho ya sanaa ya Kongo ya Fondation Cartier. Anayetaka mfululizo kamili wa Sani hana mahali pa kupelekwa kwa urahisi hivyo. Riwaya za Shaaban Robert na tamthilia za Ebrahim Hussein zinafundishwa na kutahiniwa. Madenge, ambaye huenda wengi walimsoma kabla ya kumjua Adili wa Shaaban Robert, hana rafu. Nakala zilizosalia ziko kwa mashabiki: kwenye masanduku ya chuma, chini ya vitanda, nyingine zimejaladiwa kwa uzi na mwenye nyumba mwenyewe. Shabiki aliyegharimia fani ndiye pia aliyeitunza, bila mshahara wala cheo cha mkutubi.

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam ikiwa mstari wa mbele, zinapaswa kuanza kuzikusanya nakala hizo sasa, wakati walioanza kununua Sani wakiwa shuleni bado wapo na wanakumbuka nani alichora nini. Na mwenye rundo la Sani, Joe au Pichadithi asilikabidhi kwa muuza karanga. Alipeleke chuoni, adai risiti yenye jina lake, na kabla ya kuondoka akae na mwanafunzi mmoja amsimulie alizinunua wapi na nani waliziazima.